Kodi Juu ya Kodi, Kutoka Maskati

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili: kodi anayotoa mpangaji na kodi inayodaiwa na serikali. Kwa mwenye nyumba, ya pili huzaliwa na ya kwanza. Tuseme nyumba iko Nachingwea mjini, kwenye nchi inayosubiri msimu wa korosho na ufuta, na mwenyewe alishahamia Maskati. Mpangaji analipa. Fedha hiyo imepatikana Tanzania, kwa hiyo Tanzania inaitoza, hata kama mwenyewe hajakanyaga Nachingwea mwaka mzima.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haimwulizi mtu moyo wake uko wapi, inahesabu siku. Aliyekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka wa mapato ni mkaazi, ingawa vipo vigezo vingine pia. Asiye mkaazi hutozwa kwa kipato chenye chanzo nchini peke yake.

Hesabu hiyo ina mwisho wake. Kazi iko, mtu anapotaka kujieleza kwa serikali kutoka mbali, kwenye swali ambalo karani wa Nachingwea hulijibu kwa kumtazama mtu usoni: wewe ni nani?

Watu wengi watajibu kwa namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kaka yako anazijua. Namba nzima imeshapita kwa wakala wa laini za simu, kwa karani wa benki, pengine na kwenye daftari la chama cha msingi. Hiyo ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na jina si siri. Alama ya kidole ni afadhali, kama ilivyoonekana laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa vidole mwaka 2019, lakini inataka kidole na mashine vikutane. Tena ikiibwa, mtu hawezi kuomba kidole kipya.

Estonia, nchi yenye watu wachache kuliko Dar es Salaam, ilichukua njia nyingine tangu 2002. Kadi ya raia ina chipu yenye ufunguo wa siri usiotoka humo kamwe. Mwenzake, ufunguo wa hadharani, unajulikana na wote. Mtu akitaka kuingia kwenye mfumo wa kodi, seva humtumia tarakimu za kubahatisha, chipu inazigeuza kwa ufunguo wa siri, na seva inakagua jibu kwa ule wa hadharani. Kuna namba ya siri ya kufungulia mlango na nyingine ya kutia saini. Desemba 2014 nchi hiyo ikaanza kuwapa kadi hata wageni wasioishi huko, bila kuwapa uraia.

Hadi 2017 ulinzi wa kadi hizo ulijengwa juu ya ugumu wa kutenganisha namba tasa zilizozidishwa. Zidisha 53 kwa 61: unapata 3,233, kazi ya dakika moja kwa kalamu. Mpe mtu 3,233 bila maelezo, umwambie atafute hizo mbili, atahangaika kidogo. Zikiwa na mamia ya tarakimu, kompyuta za leo zinakwama.

Isipokuwa kama chipu ilizichagua kivivu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk, Czech, waligundua kwamba chipu za kampuni ya Infineon zilitafuta namba tasa kwa njia ya mkato, zikaweza kukisiwa. Kadi kama 750,000 za Estonia ziliguswa. Novemba vyeti vyake vya kidijitali vikasimamishwa, na wenye kadi wengi wakabadilishiwa funguo kupitia intaneti, bila kupanga foleni.

Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitambua saini ya kielektroniki. Kulipa nako kumerahisishwa: kumbukumbu namba ya malipo inatambulisha deni, haijali nani kalilipa, kwa hiyo ndugu yeyote anaweza kulimaliza kwa simu. Ritani ya kodi ni jambo jingine, maana ni tamko la mtu mmoja. Mwenye nyumba wetu wa Maskati, akichoka na mtandao, atafanya kile ambacho watu hufanya: atampigia mpwa wake wa Nachingwea na kumsomea neno la siri, herufi kwa herufi. Kuanzia hapo, kwa macho ya mfumo, mpwa ndiye mjomba, na neno lenyewe limeandikwa nyuma ya daftari la madeni ya duka.