Kukabidhi na Kufikisha: Vitenzi Viwili katika Mikataba ya Biashara ya Ng'ambo

Mfasiri wa mkataba wa kununua bidhaa ng'ambo hukabiliwa mapema na dhana ya makabidhiano, na yamkini akaieleza kwa kitenzi chochote kilicho karibu: kupeleka, kuwasilisha, kufikisha au kukabidhi. Katika mazungumzo ya kila siku uhuru huo haumdhuru mtu. Katika mkataba, huamua ni nani atakayebeba hasara.

Masharti yatumikayo sana katika mikataba hii yalitolewa mara ya kwanza mwaka 1936 na Chama cha Kimataifa cha Biashara, chenye makao yake Paris. Toleo la mwaka 2020 lina masharti 11, na mawili kati yake, FOB na CIF, ni ya usafiri wa majini na yanajulikana mno. Chini ya FOB, muuzaji huipakia shehena katika meli iliyoteuliwa na mnunuzi. Tangu hapo nauli na hatari ni za mnunuzi. Chini ya CIF, muuzaji hulipa pia nauli na bima hadi bandari ya mwisho. Hata hivyo, hatari humhamia mnunuzi pale pale shehena ipakiwapo melini. Gharama na hatari, basi, hazina kikomo kimoja.

Na tuchukue mfano wa mfanyabiashara anunuaye mchele wa Karachi kwa sharti la CIF Mombasa. Meli ikiwa safarini, maji ya bahari yaingia tumboni mwake na kuuharibu mchele. Muuzaji akiwa na hati zilizo sawa, mnunuzi hana budi kulipa bei, kisha amwendee mwenye bima. Hapo tena huenda akatoka mikono mitupu, kwani CIF humlazimisha muuzaji kukata bima ya kiwango cha chini tu, nayo kwa kawaida haifidii uharibifu wa maji yaliyopenya melini. Bima pana zaidi sharti ipatanwe mapema.

Kitenzi kufikisha kimenyambuliwa kutokana na kufika. Maana yake haikamiliki mpaka kitu kiwasili. Kukabidhi, chenye asili ya Kiarabu na maana ya kushika, hukamilika kitu kitokapo mkono mmoja na kuingia mwingine. Muuzaji wa CIF hukabidhi Karachi; hafikishi Mombasa. Mfasiri aandikaye kwamba "muuzaji atafikisha mchele Mombasa" amekwisha kuligeuza sharti hilo kuwa mfano wa DAP, ambamo hatari hubaki kwa muuzaji hadi mahali pa mwisho. Wakili wa kila upande atapata la kushikilia.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba kukabidhi kitengewe tendo linalohamisha hatari, kufikisha kitumiwe kwa masharti ya aina ya DAP pekee, na wajibu wa nauli utajwe waziwazi kuwa kulipia usafirishaji. Aidha, tafsiri ya CIF itaje mahali pawili: hatari inapohamia, na nauli inapokoma.