Ijumaa ya wawili: kutoka matembezi hapa Ghala bila kula hela ya nyumba

Swali hili tunaulizwa karibu kila mwezi, na wanaouliza ni wanandoa wanaofanya kazi wote hapa Maskati: je, ni sawa kwenda kula nje na kutembea Ijumaa, wakati nyumba ya kule kwetu haijapauliwa? Wengine wanajibu haraka, "Hukuja Uarabuni kutalii." Wengine wanasema, "Maisha ndo haya haya, kula hela yako." Sisi tunaona majibu yote mawili yana hasara, na leo tutaonyesha kwa hesabu.

Tunaoandika ni mume na mke, tunakaa Ghala, na mmoja wetu ni mhasibu. Ghala wengi mnaijua kwa maghala, gereji na makambi ya wafanyakazi. Lakini ukiingia ndani kuelekea milimani kuna kijiji cha zamani, mitende, na chemchemi ya maji ya moto. Ni sehemu ya wilaya ya Bausher, na ukiwa hapa hauko mbali na bahari wala na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Yaani mtu wa Ghala ana pa kutembea bila kuvuka mji mzima.

Hesabu ya mwezi mmoja

Tuchukue mfano wa mume anayefanya kazi ya ujenzi, mshahara riali 150, na mke wa kazi za ndani, riali 110. Jumla riali 260. Chakula na malala vyote viko kwa mwajiri. Ijumaa wanakutana, na hawana mpango wowote. Wanachukua teksi hadi Matrah na kurudi, tuseme riali 8. Mlo wa wawili 6. Juisi na aiskrimu 2. Vitu vidogo vya sokoni, kikoba hiki na manukato yale, 3. Jumla riali 19.

Siku moja haiumi. Zidisha mara nne: riali 76 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya robo ya mishahara yote miwili, na hakuna aliyekaa chini akaamua iwe hivyo. Imetokea tu.

Sasa wanandoa hao hao wapange. Ijumaa mbili wabaki karibu: chai ya karaki, paratha, kisha ufukweni, riali 2 na baisa 500 kila siku. Ijumaa moja waende mjini kwa basi na kula vizuri, riali 7. Ijumaa moja wapumzike, wafue, wapige simu nyumbani. Jumla riali 12, chini ya asilimia 5 ya kipato chao.

Tofauti ni riali 64 kwa mwezi, au 768 kwa mwaka. Riali ya Omani imefungwa kwenye dola, riali moja ni kama dola 2.6. Kwa hiyo 768 ni karibu dola 2,000. Piga kwa kiwango cha shilingi cha siku hiyo, halafu muulize fundi wako bei ya bati na mbao. Utaona mwenyewe.

Kwa nini hatusemi "msitoke kabisa"

Kuna watu wanajinyima kila kitu miezi kumi. Mwezi wa kumi na moja mtu anachoka, anaingia dukani, anatoka na simu ya riali 200. Mwili na roho vinadai, na deni hilo hulipwa kwa riba. Wazee wetu walisema kazi na dawa.

Halafu kuna ndoa yenyewe. Mume analala kambini na wanaume wanane chumba kimoja, mke analala chumba kidogo nyuma ya jiko la watu. Wiki nzima wanaongea kwa ujumbe wa sauti, tena usiku, tena kwa kunong'ona. Hizo saa nne za Ijumaa ndizo nyumba yao. Wakizitumia zote kubishana nani katuma ngapi kwao, nyumba inayojengwa kijijini itakuja kukosa wa kuikaa. Tumeona ndoa za namna hiyo zikivunjika huku kuta zikipanda vizuri kabisa. Kwa hiyo riali 12 tunaiandika kwenye daftari kama matumizi halali, sawasawa na ada ya mtoto.

Pa kwenda, na namna ya kubana

*Hapa hapa Ghala na jirani.* Migahawa midogo ya Wahindi na Wapakistani ndiyo rafiki yetu. Sahani moja kubwa ya mandi au biriani inatosha wawili, usione haya kuomba sahani ya pili tupu. Jioni kuna vibanda vya mishikaki barabarani, na Waomani nao wanaita karibu vivyo hivyo, mishkak. Kabla ya kuagiza, tazama kama bei ya menyu ina kodi ndani: tangu Aprili 2021 kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Na usishangae ukisikia mzee wa Kiomani meza ya jirani anaagiza chai kwa Kiswahili. Familia nyingi zilizowahi kuishi Zanzibar na bara zilihamia huku, hasa baada ya 1970, na lugha hawakuiacha. Msalimie. Shikamoo haina kodi.

*Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos.* Ulifunguliwa 2001. Zulia la ukumbi mkubwa ni kipande kimoja cha zaidi ya mita za mraba 4,300, lilifumwa kwa mkono na wanawake 600 wa Iran kwa miaka minne. Sisi tuliposimama mbele yake tulifikiria mikono ile zaidi kuliko dhahabu ya taa. Wasio Waislamu huingia asubuhi, Jumamosi hadi Alhamisi. Ijumaa si siku yao. Nguo za kusitiri mwili, na wanawake wafunike nywele.

*Bahari.* Ufukwe wa Azaiba na wa Qurum hauna kiingilio. Beba maji na vitafunio kutoka nyumbani, hapo umeokoa riali mbili. Kiangazi nenda baada ya Magharibi. Jua linalosimamisha kazi za nje saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti, halina huruma kwa mtalii pia.

*Matrah.* Basi za Mwasalat zinapita barabara kuu ya Sultan Qaboos hadi Ruwi, na kutoka Ruwi kuna basi ya Matrah. Ni polepole kuliko teksi, lakini muda wa basi ni muda wa kuongea. Sokoni ingia na pesa taslimu uliyopanga tu, kadi ya benki iache.

*Safari ya mbali.* Hii iwe mara mbili kwa mwaka, na msiende wawili peke yenu. Wanandoa wawili wakichangia gari na mafuta, gharama ya kila mmoja inashuka nusu. Wadi Shab iko kama kilomita 150 kutoka hapa, boti ya kuvuka kwa kawaida ni riali moja kwa mtu, kisha ni miguu yako. Nizwa nenda Ijumaa asubuhi mapema uone mnada wa mifugo. Tafadhali, mvua ikitabiriwa, ahirisheni. Maji ya wadi huja ghafla hata kama kwenu ni pakavu, na kuvuka kwa gari wadi linalotiririka ni kosa la sheria. Hakuna akiba itakayorudisha mtu.

Mpangilio wetu wa bahasha

Kwanza, mshahara ukiingia, tuma ya nyumbani na weka akiba siku hiyo hiyo. Matembezi yanatoka kwenye kilichobaki.

Pili, tuma mara moja kwa mwezi. Tuseme duka linatoza riali 1 na baisa 500 kila unapotuma. Ukituma kila wiki umelipa 6. Ukituma mara moja umelipa 1 na 500. Riali 4 na nusu ulizookoa ni zaidi ya nusu ya ule mlo wa mjini, na kijijini hakuna aliyepunjwa hata senti.

Tatu, changieni kwa uwiano wa mshahara. Katika mfano wetu, mume atoe 7, mke 5. Asiwepo wa kusema "mimi ndiye ninayelisha."

Nne, weka taslimu kwenye bahasha. Ikiisha tarehe 20, Ijumaa iliyobaki ni ya chai ya chupa na kutembea kwa miguu. Hakuna kukopa kwa rafiki wa kambini.

Tano, picha. Ukiweka picha ya bahari kwenye WhatsApp, Jumatatu simu zinaanza: "Mnakula maisha, na sisi huku?" Hatukatazi picha. Ila waambieni mapema wale mnaowatumia kwamba mwezi huu chao kimefika, na hiki ni chenu. Mkificha, siku wakijua watadhani mengi mnaficha.

Kwa dada na kaka ambao Ijumaa si yao

Tunajua wapo wa kazi za ndani wasiopata siku nzima. Kabla ya kusaini au kuongeza mkataba, siku ya mapumziko iandikwe, pamoja na saa za kutoka na kurudi. Kama ni saa tatu tu, basi mume ndiye apande basi amfuate mke. Ni nafuu kuliko wote wawili kusafiri kukutana katikati.

Mkitoka, kila mtu awe na kadi yake ya ukaazi mfukoni, na picha ya cheti cha ndoa kwenye simu. Mahusiano nje ya ndoa ni kosa kisheria nchini Omani, kwa hiyo cheti kinaokoa maelezo mengi.

Ijumaa hii, kabla ya kutoka, kaeni na kalamu. Andikeni mlitumia ngapi Ijumaa nne zilizopita, bila kulaumiana, namba tu. Kisha kubalianeni namba ya mwezi ujao, iandikeni juu ya bahasha, na tarehe. Mkikwama kwenye hesabu tuandikieni mishahara na matumizi yenu bila majina, tutawapangia.