Miguu ya mzee ikivimba, usiseme ni uzee tu

KATIKA nyumba nyingi za Lamu, mzee akivimba miguu husemwa, "Ni uzee huo," kisha hukandwa kwa mafuta. Msomaji, kukanda hakutoi maji. Ikiwa mzee wako ana udhaifu wa moyo, uvimbe huo ni ishara kwamba maji yanabaki mwilini.

Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, figo huzuia chumvi na maji, nayo hushuka miguuni. Bonyeza kwa kidole juu ya kifundo cha mguu kwa sekunde chache. Shimo likibaki, hayo ni maji.

Adui wa kwanza ni chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika chakula. Papa mkavu, nguru wa chumvi na achari humaliza kiasi hicho upesi. Kuroweka samaki hupunguza chumvi, lakini hakuiondoi yote. Mpe samaki mbichi, na mchuzi uukoleze kwa ndimu, kitunguu saumu na bizari.

Adui wa pili ni dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac, zinazonunuliwa dukani kwa ajili ya magoti. Nazo huzuia maji mwilini.

Kisha kuna dawa ya kukojoza. Wapo wazee wa Faza, Siyu na Kizingitini ambao huiacha siku ya kwenda kliniki Lamu, wakiona haya kukojoa chomboni. Muulize daktari mapema kama anaweza kuimeza baada ya kushuka, lakini asiikose.

Mpime uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla hajala, kwa mzani ule ule, na uandike. Akiongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku 3, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama halalamiki. Akiketi, mwinulie miguu. Isining'inie barazani kutwa nzima.

Akikosa pumzi akilala chali, akiumwa kifua, au mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, usingoje hata saa moja.

Kilo 2 zilizoonekana asubuhi zinakupa nafasi ya kusafiri mchana. Ukizipuuza, utatafuta boti usiku, na pengine kusi imeshachafua bahari.