Usitupe ECG ya mwaka jana

Mkazi wa Kilibula, pale Uvira, akienda Bukavu au akivuka hadi Bujumbura kupimwa umeme wa moyo (ECG), hurudi na karatasi ya miraba pamoja na jibu moja: kawaida, au si kawaida. Karatasi huishia chini ya godoro. Katika magonjwa ya msuli wa moyo yanayorithiwa, hiyo ni hasara kubwa.

Mara nyingi kila mtoto wa mwenye mojawapo ya magonjwa haya ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi kasoro ya jeni, lakini dalili zinaweza kujificha hadi ujana au uzeeni. Mwanasoka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, kwa mfano, alianguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha moyo ulionenepa. Kwa baadhi ya watu umeme wa moyo huanza kubadilika kabla ekografia (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) haijaona chochote.

Chukua familia zenye kasoro ya jeni iitwayo lamini, mojawapo ya kasoro hizo. Umeme ukitoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vya chini, kwa kawaida hauzidi sekunde 0.20, yaani mraba mkubwa mmoja. Tuseme kijana alipata 0.14, miaka kadhaa baadaye 0.19. Kila karatasi peke yake itasomwa "kawaida". Ziweke pamoja: njia ya umeme inazidi kuwa nzito. Hiyo si hukumu, ila ni sababu ya kumwita tena mapema, kwani mwisho wake unaweza kuwa njia hiyo kuziba kabisa na kuhitaji kifaa cha kuchochea mapigo.

Kuna pia nafuu ya uongo. Moyo ulionenepa huchora mawimbi marefu. Yakifupika, mgonjwa hufurahi. Lakini huenda makovu yamechukua nafasi ya msuli.

Na kuna hofu ya bure. Baadhi ya Waafrika wenye afya, hasa wanamichezo, huwa na mawimbi yaitwayo T yaliyopinduka upande wa mbele wa kifua, sura inayofanana na ya ugonjwa. Karatasi tano zisizobadilika kwa miaka humtuliza daktari kuliko moja iliyochapwa leo.

Ulinganisho wenyewe una mitego. Kibandiko cha kupimia kifuani kikipanda ubavu mmoja, mchoro hubadilika bila moyo kubadilika. Kwinini, ambayo wengi wetu tumewahi kupewa kwa malaria, hurefusha muda wa moyo kujiandaa kwa pigo jingine. Presha ya juu nayo hunenepesha msuli. Kwa hiyo andika pembeni: tarehe, presha, dawa, na kama ulikuwa na homa.

Ndugu wa damu wa mgonjwa wa moyo ulionenepa kwa kurithi, kwa kawaida, hupimwa ECG pamoja na ekografia: watoto na vijana kila mwaka mmoja au miwili, watu wazima kila miaka mitatu hadi mitano. Aliyezimia akikimbia hasubiri ratiba hiyo.

Karatasi za ECG nyingi huchapwa kwa joto. Jua na joto la nyumba ya mabati huzifuta taratibu. Mafuriko ya mto Mulongwe, Uvira, ya Aprili 2020 hayakungoja hata hilo. Piga picha kwa simu siku hiyo hiyo, miraba na jina vionekane, kisha umtumie ndugu aliye mji mwingine aitunze.