Saba Saba: Utangulizi wa Elimu ya Siku za Kumbukumbu

Kila ifikapo tarehe 7 Julai, maelfu ya watu jijini Dar es Salaam humiminika Barabara ya Kilwa kwenda kwenye Maonesho ya Biashara ya Kimataifa. Siku hiyohiyo, jijini Nairobi, wapo wanaowakumbuka waliouawa wakidai vyama vingi mwaka 1990. Na tangu mwaka 2022, walimu, waandishi na wanafunzi katika nchi nyingi huadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani. Tarehe ni moja, na Tanzania na Kenya zote huiita Saba Saba. Hata hivyo, mfanyabiashara, mwanaharakati na mwalimu kila mmoja ana sababu yake ya kuiadhimisha.

Utangulizi huu unamkaribisha msomaji katika elimu inayouliza jinsi hali kama hiyo inavyotokea. Msingi wake mmoja uliwekwa mwaka 1925, pale mwanasosholojia Mfaransa Maurice Halbwachs alipoeleza kwamba mtu hakumbuki peke yake. Familia, dini na tabaka lake ndivyo vinavyompa mipaka na mpangilio wa anayoyakumbuka. Mwaka 1983 Eric Hobsbawm na Terence Ranger walihariri kitabu kilichoonyesha kwamba desturi nyingi zinazodhaniwa kuwa za kale zilibuniwa juzijuzi, tena kwa makusudi. Ranger hakuwa mgeni kwetu: alifundisha historia Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na katika kitabu hicho aliandika kuhusu sherehe ambazo wakoloni walizileta Afrika. Mfano wa sherehe za namna hiyo ni Siku ya Himaya ya Uingereza, 24 Mei, ambapo watoto wa shule walipangwa mistari kuipigia saluti bendera ya watu wengine.

Hoja ninayotaka msomaji aondoke nayo ni hii: tarehe haijichagui. Nyuma ya kila siku ya kumbukumbu kuna mtu au kundi lililoamua, na kuna jambo jingine lililowekwa kando ili hilo lipate nafasi. Kwa hiyo mtafiti huanza na maswali matatu.

Swali la kwanza: nani alichagua siku hii, na kwa nini? Chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, kikachukua nafasi ya Tanganyika African Association (TAA), na Julius Nyerere akawa rais wake. Kuanzia hapo viongozi walizishughulikia tarehe kwa uangalifu mkubwa. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961, ikawa jamhuri tarehe hiyohiyo mwaka 1962. Kenya nayo ikafanya vivyo hivyo: uhuru 12 Desemba 1963, jamhuri 12 Desemba 1964. TANU na chama cha ASP cha Zanzibar vilipoungana kuwa Chama Cha Mapinduzi (CCM), siku iliyochaguliwa ilikuwa 5 Februari 1977, miaka 20 kamili tangu ASP ianzishwe. Mpangilio kama huu si wa bahati. Tukio jipya linawekwa juu ya tarehe ambayo tayari ina heshima yake, nalo linairithi heshima hiyo.

Swali la pili: maana ya siku imebadilika wapi? Kwa miaka mingi Saba Saba ya Tanzania ilikuwa sikukuu ya chama na pia ya wakulima. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, siku ya kuzaliwa kwa chama kimoja isingeweza kubaki sikukuu ya wote kwa sura ileile. Wakulima wakapewa 8 Agosti, Nane Nane, na 7 Julai ikawa siku ya biashara. Kenya nayo ina mfano wake. Tarehe 20 Oktoba, iliyokuwa Siku ya Kenyatta kwa kukumbuka kukamatwa kwake mwaka 1952, iligeuzwa na Katiba ya 2010 kuwa Siku ya Mashujaa. Tarehe haikuguswa, ila heshima iliyokuwa ya mtu mmoja ikawa ya wengi.

Mabadiliko makubwa zaidi hutokea pale wananchi wenyewe wanapoichukua siku. Mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliowahi kuwa mawaziri, waliitisha mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi. Wote wawili wakatiwa kizuizini siku chache kabla. Mkutano ulipigwa marufuku, lakini Jumamosi ile ya 7 Julai watu walijitokeza, polisi wakafyatua risasi, na vurugu zikaenea hadi miji mingine. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba ya wakati huo, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee tangu 1982, kikafutwa. Saba Saba haimo miongoni mwa siku za taifa zilizotajwa katika Katiba ya Kenya. Hata hivyo, mwaka 2025 vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1990 waliingia barabarani tarehe hiyo, na watu wakauawa tena. Siku inaweza kuishi bila amri ya serikali.

Swali la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: nani ameachwa nje? Siku ya kumbukumbu hupenda kuanza na mkutano mmoja na kiongozi mmoja. Mohamed Said, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, aliwarudisha mbele wazee wa Dar es Salaam waliofanya siasa kabla ya 1954. Susan Geiger naye, mwaka 1997, alichapisha masimulizi ya maisha ya Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU, na wenzake, akaonyesha jinsi vikundi vyao vya ngoma vilivyoibeba TANU hadi mitaani. Wanawake hao walieneza siasa kwa Kiswahili kabla ya taasisi yoyote ya kimataifa kukipa siku. UNESCO ilipoitangaza 7 Julai mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, iliitaja TANU na nafasi ya lugha hii katika kupigania uhuru. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba sherehe hizo zinawataja pia akina mama walioisema lugha hiyo majukwaani na majumbani.

Elimu hii haihitaji maabara. Vyanzo vyake ni Gazeti la Serikali, magazeti ya zamani, hotuba za redio, kanga na vitenge vya maadhimisho, majina ya mitaa, na zaidi ya yote watu. Chagua tarehe moja unayoijua, ifuatilie mwaka baada ya mwaka, na angalia lini jina, mahali au wasemaji walibadilika. Anza na walio hai. Waliokuwa watu wazima mwaka 1954 wamebaki wachache sana, lakini waliokuwa Kamukunji mwaka 1990 bado wanaweza kuulizwa, na wengi wao hawajawahi kuulizwa na yeyote mwenye daftari mkononi. Kila mwanafunzi anayekaa nao akaandika majina, nyakati na njia walizopita siku ile, anaipa taaluma hii chanzo ambacho hakuna kumbukumbu ya serikali itakayokitoa badala yake.