Nani anakunywa, nani anaogopa? Neno dogo la Kiingereza linalotudanganya

Tuchukue sentensi moja fupi ya Kiingereza: "This water is not safe to drink." Hapa Uvira, ambako kipindupindu si mgeni, kuielewa sentensi hiyo ni jambo la afya. Mtu aliyesoma Kiingereza kidogo anaielewa mara moja: maji haya si salama kunywa.

Kesho yake mtu huyo huyo anaingia kwenye mahojiano ya kazi, na anajisifu: "I am easy to learn." Alitaka kusema kwamba anajifunza haraka. Lakini alichosema ni kwamba yeye mwenyewe ni somo jepesi, yaani watu wengine wanaweza kujifunza yeye bila taabu. Maneno yote alikuwa nayo. Kilichomponyoka ni kujua nani anafanya kazi inayotajwa baada ya neno "to".

Juu gani tuzungumzie jambo hili sasa? Nchi yetu ilitia sahihi mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na mkataba ulioanzisha Jumuiya hiyo mwaka 1999 uliweka Kiingereza kuwa lugha ya kazi rasmi. Ng'ambo ya Kavimvira, Burundi ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi mwaka 2014. Ukivuka ziwa hadi Kigoma, unakikuta ofisini. Na matangazo mengi ya kazi ya mashirika ya kimataifa yanaandikwa kwa lugha hiyo. Vijana wetu wanajifunza maneno mengi, lakini namna ya kuyaunganisha inawatega.

Kundi la kwanza: hisia ni yangu, na kazi ni yangu

Katika matangazo ya kazi utakuta "able to", "willing to", "ready to". Ukiandika "I am willing to work in Fizi", wewe ndiye uko tayari, na wewe ndiye utakayefanya kazi kule Fizi. Hakuna fumbo. Ni vilevile kwa "happy to" na "eager to".

Taabu ya hapa ni nyingine. Kwetu hisia nyingi ni vitenzi: ninaogopa, nimefurahi, ninatamani. Kwa Kiingereza ni maneno ya sifa, na neno la sifa halisimami peke yake, linadai "am", "is" au "are". Ndiyo maana wengi wetu tunaandika "I afraid" au "I happy", kwa sababu kichwani mwetu tayari kuna kitenzi. Usisahau kile kidogo cha katikati: "I am happy to join you."

Kundi la pili: anayetajwa mbele ndiye anayefanyiwa

Sasa turudi kwa maji yetu. Katika "This water is not safe to drink", maji hayanywi chochote. Yananywewa. Aliyetajwa mwanzoni ndiye anayefanyiwa, na mwenye kufanya hakutajwa kabisa. Hapa ndipo wanapokaa "easy", "hard", "difficult", "impossible", "safe" na "dangerous".

Kifaransa tulichosoma shuleni kinaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Tunasema "content de lire", lakini "facile à lire". "De" na "à" zinatuonya. Kiingereza kinatumia "to" pande zote mbili, na kinakuachia wewe utafute mtendaji ni nani.

Hata watoto wa Waingereza na Wamarekani wanahangaika hapo. Mwanaisimu wa Marekani Carol Chomsky, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya watoto wa miaka 5 hadi 10, alieleza jaribio la mwanasesere aliyefungwa kitambaa machoni. Mtoto aliulizwa: mwanasesere huyu ni "easy to see" au "hard to see"? Wadogo wengi walijibu "hard to see", wakidhani kwamba ni mwanasesere anayeona. Wakiombwa wamfanye awe "easy to see", walimfungua kitambaa. Kumbe swali lilikuwa: wewe, unamwona kwa urahisi? Kwa hiyo usijione mjinga ukikosea.

Kiswahili chetu kiko na ufunguo mzuri kwa kundi hili: mwisho wa -ika na -eka. Maji hayanyweki. Barabara haipitiki. Maandishi yanasomeka. Mtu huyu haeleweki. Ukiweza kugeuza sentensi yako hivyo na ikabaki na maana uliyotaka, uko kwenye kundi la pili:

"The road is impossible to use": barabara haipitiki.
"Her letter is easy to read": barua yake inasomeka vizuri.
"I am difficult to understand": mimi sieleweki.

Sasa jaribu "I am easy to learn". Ni "mimi ninajifunzika". Hapo hapo kosa linajionyesha.

Mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, usiongeze "it" mwishoni. "This water is not safe to drink it" ni kosa, kwa sababu maji yalishatajwa. Pili, ukitaka kumtaja mwenye taabu, anza na "it" na umlete mtu kwa "for": "It is difficult for me to speak English." Usiseme "I am difficult to speak English."

Kuna maneno machache yanayokaa makundi yote mawili. "The fish are ready to eat" inaweza kuwa ndagala ziko tayari mezani, au samaki wako tayari kula chambo chako. Hapo mazungumzo yenyewe ndiyo yanaamua.

"Afraid": neno lenye uzito

Kwa ndugu zetu walioko kambini, Lusenda au nje ya nchi, neno hili linaweza kuingia katika maelezo yanayogusa maisha yao. Lina njia tatu.

"I am afraid to go back": ninaogopa kurudi. Kurudi ni tendo langu mimi, na woga unanizuia nisilifanye.

"I am afraid of being killed": ninaogopa kuuawa. Hapa si tendo langu, ni baya linaloweza kunipata. Mkataba wa Geneva wa 1951 juu ya wakimbizi unatumia njia hii hii, unapozungumzia hofu "of being persecuted", yaani ya kuteswa.

"I am afraid that they will kill my brother": ninaogopa kwamba watamuua ndugu yangu. Mtendaji ni mwingine na anayefanyiwa ni mwingine, kwa hiyo tunahitaji "that" na sentensi nzima.

Kama hauko na uhakika, omba mkalimani na useme kwa lugha yako. Hiyo si aibu.

Na kuna mtego mmoja. Ukipokea barua inayosema "I am afraid that your file is not complete", aliyeandika haogopi kitu. Ni adabu tu, kama sisi tunavyosema "samahani" au "kwa bahati mbaya". Anakuambia faili yako haijatimia.

"Likely" na "sure": maoni ya msemaji

Tunakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba na watu. Katika ripoti za mvua utasoma: "The river is likely to overflow." Mto hauna nia. Anayepima ni msemaji, anayeona dalili kwamba huenda mto ukafurika. Unaweza kusema pia "It is likely that the river will overflow", na maana ni ile ile.

"Possible" haikubali njia ya kwanza. "The river is possible to overflow" ni kosa. Sema "It is possible that the river will overflow." Na uangalie nguvu ya maneno: "possible" ni inawezekana tu, lakini "likely" ni kuna dalili kubwa. Tofauti hiyo inaweza kuamua kama familia inahamisha vitu usiku au inalala.

"Sure" inageuka pia. "She is sure that she will win": yeye mwenyewe ana hakika. "She is sure to win": mwenye hakika ni mimi ninayesema. Yeye pengine anatetemeka.

"Important": hapa tuko nyumbani

Tunasema "ni muhimu kila mtoto achanjwe", na mwisho wa -e unaonyesha jambo linalotakiwa. Kiingereza kinasema "It is important for every child to be vaccinated", au katika maandishi rasmi "It is important that every child be vaccinated". Usishangae kuona "be" badala ya "is". Inafanya kazi ya ile -e yetu.

Kabla ya kutuma barua yako

Chukua kila sentensi yenye neno la sifa na "to", na uulize: kazi hii inafanywa na nani? Kama ni wewe uliyetajwa mbele, ni sawa na "willing". Kama wewe ndiye unayefanyiwa, igeuze kwa -ika au -eka uone kama ndicho ulichotaka kusema. Na kama mtendaji ni mwingine, mtaje kwa "for" au kwa "that". Inachukua dakika mbili, na inaweza kukuzuia usijitangaze kuwa somo jepesi mbele ya mtu anayetafuta mfanyakazi.