Kwa Nini Filamu Fupi za Miaka ya 2000 Zinatoweka

NASSA, BUSEGA – Maigizo mafupi, ngoma za Wagika na Wagalu na sherehe za kijamii zilizorekodiwa kwa video mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimo hatarini kutoweka katika maeneo mengi ya vijijini, yakiwemo ya Mkoa wa Simiyu.

Sababu ya kwanza ni gharama. Kamera za kidijitali za wakati huo zilitumia kaseti ndogo za MiniDV, kwa kawaida za dakika 60. Saa moja ya picha ilichukua takribani gigabaiti 13 kwenye kompyuta, ilhali kompyuta nyingi zilikuwa na nafasi ndogo. Hivyo, baada ya kuhariri, watayarishaji wengi walifuta picha na kurekodi upya juu ya kaseti ileile. Kilichosalia ni nakala ya VCD yenye ubora hafifu.

Sababu ya pili ni uchakavu. Diski zilizonakiliwa kwa kompyuta huharibiwa na joto, unyevu na mwanga wa jua, na kompyuta nyingi mpya hazina sehemu ya kuzisomea. Kuhusu kaseti, mwaka 2019 UNESCO ilitahadharisha kuwa zile ambazo hazingehamishwa ifikapo 2025 zingeweza kupotea moja kwa moja, kwa kuwa mashine za kuzichezea zinaadimika.

Filamu mashuhuri kama Girlfriend ya mwaka 2003 ziliuzwa kwa nakala nyingi. Igizo la kikundi cha kijijini huenda lilikuwa na nakala mbili au tatu tu, hivyo diski moja ikivunjika, kazi nzima inaweza kupotea.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa miaka 50 kwa kazi za picha jongefu. Hata hivyo, haki hiyo haimfaidi mmiliki ambaye hana tena kazi yenyewe.

Wananchi wenye kaseti au diski za aina hiyo wanashauriwa kuzitunza mahali pakavu pasipo na jua, kutorekodi juu yake, na kuhamishia picha kwenye vifaa visivyopungua viwili vinavyotunzwa nyumba tofauti. Aidha, waandike jina la kazi, mwaka, mahali na majina ya washiriki wangali hai wanaoyakumbuka, na wapate ridhaa ya mmiliki kabla ya kuisambaza mtandaoni.